Kupandishwa Cheo Hadi kwa Jenereta

Juba, 21 Januari 2024

Shangazi Nyaluak,

Nakusalimu kutoka Juba, ambako jua huamka kabla yetu na halina mpango wa kulala. Mimi mzima. Malaria ya Krismasi imeniacha, nimebaki na kikohozi tu cha kukumbuka sherehe. Msalimie Nyaboth. Najua bintiyo huyo atauliza kwa nini sipigi simu ya video kama watu wengine. Mwambie mtandao wa huku unaonyesha watu vipande vipande, na mimi sitaki kuonekana hivyo. Isitoshe, simu yako ni ile kabambe ya vitufe, haina hata kamera. Kwa hiyo barua hii nimempa Okumu, yule dereva wa basi la Eldoret, na nimemnunulia soda ili asiisome.

Sasa sikia habari kubwa: nimepandishwa cheo! Tangu Jumatatu siko tena mapokezi pale hotelini. Ninasimamia simu zote za kuhifadhi vyumba, katika chumba changu mwenyewe nyuma ya mapokezi, chenye pazia. Meneja wetu, Madam Cissy, Mganda mwenye sauti ya kwaya, aliniita akaniambia, "Riang, wewe iko na sauti nzuri sana. Sauti kama hiyo hapana faa kupotea mbele ya watu."

Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani nikaigeuza ile sentensi nikaitazama upande wa pili.

Hata hivyo cheo ni cheo. Nina meza, feni na simu mbili, na moja inafanya kazi. Na usiwe na wasiwasi kuhusu mikono yangu. Ni ukavu wa kiangazi tu, kwenye viwiko na vidole, magamba kidogo. Vumbi la Juba, Shangazi, ni vumbi kweli. Nikivaa mikono mirefu halionekani.

Wapikie vizuri wanafunzi wako. Mimi bado naota githeri yako ya Ijumaa, yale mahindi na maharagwe yenye viazi.

Mtoto wa kaka yako, mwenye cheo,
Riang


Eldoret, 18 Februari 2024

Riang mwanangu,

Barua imefika. Okumu ameikunja mpaka ikawa kama sambusa, lakini imesomeka. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Nyaboth ameanza mwaka wa pili wa ukunga na sasa hakuna mwanamke anayepita na tumbo hapa mtaani asiyepewa ushauri. Ng'ombe wa jirani amekula kabeji zangu zote. Jirani anasema haiwezekani, kwa kuwa yeye ameokoka. Nikamwambia ameokoka yeye, si ng'ombe.

Pongezi kwa cheo. Nina maswali.

Mshahara umepanda? Maana cheo kinachopanda peke yake, sisi huku hukiita uhamisho. Na pazia ni la nini? Simu haioni.

Halafu, nani amekuuliza kuhusu mikono? Nimerudia barua zako zote za mwaka jana, nikatafuta mahali unaponijibu swali la mikono, sikupaona. Mtu akianza kukwambia kwamba mlango wa nyuma haujavunjwa, nenda ukaangalie mlango wa nyuma.

Paka samli. Na uoge maji ya uvuguvugu, si ya moto.

Mimi nimepumzika kidogo kupika pale shuleni. Ni magoti. Miaka yote hii ya kusimama juu ya masufuria si mchezo. Usiulize sana, magoti ni magoti.

Mungu akufunike, na akufunike kwa kitu chepesi kuliko hayo mashati yako ya mikono mirefu.

Shangazi yako,
Nyaluak


Juba, 24 Machi 2024

Shangazi,

Salamu nyingi, na pole kwa magoti na kabeji. Huku joto limezidi hata shule zimefungwa. Watu wanalala nje, mbu wanashangilia. Mimi mzima, nimepungua tu, kwa kuwa nusu yangu imetoka kama jasho ndani ya shati. Mlinzi wetu wa getini ameanza kuniita mchungaji. Anasema hakuna anayefunga vifungo vyote katika joto hili isipokuwa mtumishi wa Mungu au mwenda wazimu, na mimi sijawahi kumtupia jiwe.

Nimepandishwa cheo tena. Sasa niko bohari ya mashuka.

Nitakueleza ilivyokuwa, ucheke. Mgeni mmoja, mfanyabiashara wa saruji, aliingia hadi nyuma ya pazia akiuliza kwa nini jina lake limeandikwa vibaya. Nikampa kalamu aliandike mwenyewe. Akaipokea, akaanza kuandika, kisha macho yake yakapanda kutoka kwenye karatasi hadi kwenye vidole vyangu. Alimaliza jina lake haraka sana, Shangazi, sijui hata kama alifikisha ukoo. Nilipomwomba kalamu akasema, "La, malesh, si neno, kaa nayo," ingawa ilikuwa yangu, akaiweka pembeni ya meza kama mtu anayemtega panya. Jioni Madam Cissy akaja na hotuba. Nina jicho la usafi, akasema, na bohari inahitaji mwanamume wa kuaminika.

Yapo mazuri. Mapokezini tulivaa koti jeusi, na kila nilipojikuna kichwa theluji ilianguka mabegani. Juba nzima inalia joto, mimi peke yangu nina majira ya baridi. Bohari ni mashuka meupe matupu. Naweza kujikuna asubuhi hadi jioni na hakuna ushahidi.

Achai, msichana aliyechukua nafasi yangu mapokezini, hunipitishia chai mlangoni. Huweka kikombe sakafuni, hugonga, huondoka. Kama mfungwa wa heshima.

Samli nimepaka. Sasa nanukia harusi, na paka wa hoteli hanibanduki.

Ni ukavu tu. Mvua zikianza utaisha.

Riang


Juba, 9 Juni 2024

Shangazi yangu,

Naandika bila kupata jibu la barua ya Machi. Natumaini mko salama. Okumu ananihakikishia kwamba bahasha uliipokea mwenyewe, ila anasema uliipokea kwa mkono uliofungwa leso, tena hukumkaribisha chai, jambo ambalo limemuumiza mpaka leo. Umeungua? Niambie.

Mvua zilianza. Ukavu haukuisha.

Cheo changu kipya ni Afisa wa Nishati. Nipo nyuma kabisa, kwenye jenereta, na kutoka hapa nayaona matishari ya mizigo yakitoka bandarini kuelekea kaskazini. Nikipandishwa mara moja tena nitakuwa ndani ya mto. Mwenzangu ni Bona, fundi wa jenereta. Bona hajali ngozi ya mtu, tunakula sahani moja. Tatizo ni kwamba mashine imemla masikio, kwa hiyo kila siri ninayompa huniomba niirudie kwa kupiga kelele.

Sasa nikwambie nililokuwa silisemi.

Mwezi wa nne nilinunua krimu sokoni, tyubu ndogo isiyo na maandishi ya maana, ina picha tu ya mwanamke anayecheka. Wiki mbili, Shangazi, wiki mbili tu, na ngozi ikawa kama ya mtoto mchanga. Nilimwendea Madam Cissy na mikono mifupi. Alipiga makofi, akanirudisha mapokezini siku ileile. Nilimsalimia kila mgeni kwa mkono. Nilisalimia hadi wale waliokuwa wanaondoka. Mzee mmoja nilimsalimia mara tatu, akadhani nataka kugombea ubunge.

Tyubu ikaisha. Nikatafuta nyingine, sikuipata. Ugonjwa ukarudi, na haukurudi peke yake, ulikuja na ukoo mzima. Mapaja, mgongo, kichwa, hadi usoni. Nyekundu, ya moto, inapasuka. Asubuhi moja sikuweza kukunja vidole kushika ufunguo wa mgeni, nikauangusha mbele yake, na nilipoinama kuuokota nikaona Achai akiondoa kikombe chake taratibu kutoka upande wangu wa meza.

Safari hii Madam Cissy hakuwa na hotuba. Alinyoosha kidole tu kuelekea nyuma.

Siku hiyo sikucheka. Ninaandika kama ninayecheka kwa sababu sijui kuandika kwa namna nyingine.

Sijui hiki ni kitu gani, Shangazi. Nilianza kuamini kwamba kinanijua jina.

Riang


Eldoret, 30 Juni 2024

Riang, mtoto wa kaka yangu,

Nyaboth anakusalimu. Kabeji zimeota upya. Hayo ndiyo mambo ya nyumbani. Sasa keti.

Sikuungua. Na magoti yangu hayana neno, naweza kupanda nayo mlima hata leo.

Ni mikono. Ilianza zamani kwenye viwiko, nikavifunika. Mwaka jana ikashuka hadi viganjani. Siku ya wazazi kutembelea watoto, mwezi wa kwanza, nilikuwa nagawa chakula. Mama mmoja aliona vidole vyangu, akamnyang'anya binti yake sahani niliyompa, akaimwaga pale chini mbele ya miguu yangu.  Mwalimu mkuu aliona, akageukia wazazi wengine. Kesho yake nikaambiwa nimechoka, nipumzike. Barua yako ya Januari ilinikuta nimepumzika hivyo, nikasoma habari ya pazia na sauti nzuri, nikajua kila kitu.

Kwa nini sikukujibu ya Machi? Niliisoma kwa sauti jikoni, nikacheka yale ya theluji mpaka Nyaboth akaja kuona kuna nini. Halafu nikaona ninachokicheka. Nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, na hujanikosea.

Ya Juni ndiyo iliyoniinua. Nilimwambia Nyaboth, tena kwa sauti, "Nipeleke kwa daktari wa ngozi." Akasema alikuwa anangoja niseme tangu Pasaka.

Daktari ni kijana, anavaa viatu visivyo na soksi, lakini alinishika mikono yote miwili bila glavu, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua viazi. Ugonjwa unaitwa soriasisi. Haumwambukizi mtu, hata mkilala kitanda kimoja. Si uchafu, si laana. Mwili wenyewe unaharakisha kutengeneza ngozi kuliko inavyohitajika. Hauponi kabisa, lakini hutulizwa, na mtu huishi nao miaka yake yote. Na hutembea katika familia. Nilipomtajia krimu yako aliguna. Anasema hizo za sokoni zisizojulikana nyingi zina dawa kali ndani, hufuta upesi, na ukiziacha ghafla ugonjwa hurudi kwa hasira. Usiinunue tena. Nenda hospitali, useme jina hilo, so-ri-a-si-si, na uwaambie ulipaka nini.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka baba yetu, babu yako. Alikuwa nayo mgongoni na magotini. Watu walisema alipambana na mamba mtoni na mamba akamwachia magamba. Unajua nani aliieneza hadithi hiyo? Yeye mwenyewe. Alipenda watu wacheke kabla hawajauliza. Kumbe hatukurithi ngozi peke yake.

Nimemwendea mwalimu mkuu na kumweleza alivyosema daktari. Amesema atafikiria. Namwacha afikirie.

Na wewe, acha kuniandikia vyeo.

Shangazi yako,
Nyaluak


Juba, 18 Agosti 2024

Shangazi,

Natumaini mikono yako imepoa na mwalimu mkuu amemaliza kufikiria. Nyaboth mwambie asante, na nikipata mimba nitamwona yeye wa kwanza.

Nilikwenda hospitali. Nilisema lile jina, naye daktari akalirudia kama mtu anayesikia jina la jirani yake. Nimepewa mafuta mazito ya kupaka na dawa ya kichwa, na tarehe ya kurudi. Uso umetulia. Mikono bado ina ramani, lakini sasa ni ramani ya nchi moja, si ya bara zima.

Kisha nikamwendea Madam Cissy. Nilivua lile shati la mchungaji, nikabaki na fulana.

"Madam," nikasema, "hii inaitwa soriasisi. Haiambukizi."

Akatazama dirisha. "Riang, mimi hapana sema kitu juu ya ngozi."

"Ndiyo. Umenihamisha mpaka kwa jenereta bila kusema kitu juu ya ngozi."

Akakaa. Alichezea funguo muda mrefu. "Mimi ilijua," akasema. "Mimi iliogopa wewe italia. Halafu hata mimi italia." Na kweli macho yake yalikuwa yameshaanza, ikabidi mimi mgonjwa nimtafutie kitambaa.

Alinipeleka kwa Mzee Fulgensio, mwenye hoteli. Mzee alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. "Mimi nakuamini," akasema. "Wageni ndio hawataamini." Suluhisho lake lilikuwa glavu. Nirudi mapokezini, nivae glavu nyeupe za kitambaa, ionekane kama ni mtindo wa hoteli.

Nikazivaa. Shangazi, nilifanana na askari wa trafiki aliyepotea njia. Mgeni wa kwanza aliuliza harusi ni ya nani. Wa pili alidhani nimeiba kitu sitaki kuacha alama. Kufikia saa sita glavu zilikuwa zimejaa jasho, vidole vinawaka kama pilipili, na kalamu inateleza. Nikazivua, nikaziweka kwenye droo. Mama mmoja aliyetoka safari alikuwa anangoja ufunguo. Nikampa kwa mkono wangu huu huu. Akaupokea, akasema asante, akaenda zake chumbani. Nilisimama pale nikingoja dunia itikisike. Haikutikisika.

Mzee Fulgensio alikuwa mlangoni, ameona. Kesho yake sikuwa na kazi. Safari hii hawakunitafutia hata jina la cheo.

Bona alinisindikiza getini. Nilimweleza yaliyotokea, akaniomba nirudie, nikarudia kwa nguvu zote. Sasa mtaa mzima unajua nina soriasisi na kwamba haiambukizi. Hakuna redio ambayo ingenifanyia vile.

Nilikaa nyumbani siku chache nikijihurumia, nikamaliza sukari. Kisha nikavuka daraja kwenda Gumbo, kule kwenye barabara ya Nimule, nikaanza kuuliza kazi gesti moja baada ya nyingine. Nilivaa mikono mifupi makusudi. Nikifukuzwa, nifukuzwe mapema, nibakize nguvu za kwenda mlango wa pili. Wa kwanza walinifukuza. Wa pili walisema nafasi imejazwa, na tangazo bado lilikuwa limebandikwa mlangoni. Wa tatu ni gesti ya Mganda mmoja anaitwa Babirye, inalaza madereva wa malori. Alikuwa anamenya matoke. Hakuinuka.

"Hiyo kwa mkono ni nini?"

"Soriasisi."

"Inashika watu?"

"Hapana."

"Inauma wewe?"

Nikatazama yale maganda. "Siku nyingine inauma sana," nikasema.

"Pole. Kiarabu iko? Kiingereza?"

"Iko. Na Kiswahili."

"Kiswahili hata mimi iko," akasema kwa fahari. "Anza kesho."

Shangazi, tangu Januari watu wameiona ngozi hii, wameikwepa, wameizungushia pazia na kuivika glavu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama inauma. Nilivuka daraja kurudi nyumbani nikilia barabarani kama mjinga. Mwendesha boda alisimama akaniuliza nani amekufa.

Mshahara ni mdogo kuliko wa hoteli, maji tunachota kwenye pipa, na kuna jogoo asiyejua saa. Madereva huniuliza mikono ina nini, nami huwaambia. Mmoja alifunua mguu wake akanionyesha kidonda cha sukari, tukakaa tukilinganisha kama wanawake wenye vitenge vipya. Mmoja hakutaka ufunguo kutoka kwangu, Babirye akamwambia alale ndani ya lori lake. Akalala.

Niandikie habari zako. Za mikono, si za magoti.

Riang


Eldoret, 6 Oktoba 2024

Riang mwanangu,

Okumu amefika, na safari hii nimempa chai, tena nimemmiminia kwa mikono isiyo na leso. Ameinywa na ameomba mkate. Sisi wazima. Jirani amefunga ng'ombe wake kamba, ingawa bado anasisitiza ni mwongofu.

Nimesoma barua yako kwa Nyaboth mpaka mwisho. Pale kwa Babirye nilimpa karatasi, akaendelea yeye.

Mwalimu mkuu alimaliza kufikiria mwezi wa tisa. Aliniambia nirudi, lakini nipike tu. Nisigawe. Nikae nyuma, asinione mzazi. Najua ungependa kusikia kwamba nilimtupia mwiko usoni. Sikumtupia. Nilikubali. Nyaboth ana mwaka mmoja zaidi wa chuo, na mimi bila sufuria kubwa sijui niamkie nini. Unicheke ukitaka, wewe unajua vyeo vya nyuma ya nyumba. Mafuta ya daktari yamenisaidia, ila siku za baridi viganja bado vinapasuka, nakoroga nikiuma meno.

Nilikaa huko nyuma wiki tatu. Ijumaa iliyopita mama anayegawa aliumwa na mwenzake alikuwa matangani. Wasichana wamepanga mstari, sahani mkononi, githeri inapoa. Mwalimu mkuu alikuja jikoni, akatazama sufuria, akatazama saa, hakunitazama mimi.

"Mama Nyaboth," akasema, "kwani utafanyaje?"

Nikachukua upawa, nikatoka mbele, mikono mitupu.

Wa kwanza alikuwa yuleyule binti aliyenyang'anywa sahani na mama yake. Alinitambua, nami nikamtambua. Aliangalia mkono wangu, nikaacha aangalie. Kisha akasogeza sahani karibu zaidi, akasema, "Mama, ongeza viazi."

Nikaongeza.

Leo ni Jumapili na hakuna aliyekufa. Waliorudi kuomba ya pili walikuwa wengi mpaka sufuria ikaisha, na mwalimu mkuu mwenyewe akalala njaa.

Shangazi yako,
Nyaluak